Jaketi la Pikipiki kwa Barabara ya Kampala hadi Kisoro

Barabara ya kutoka Kampala hadi Kisoro ina urefu wa karibu kilomita 500, na msafiri wa pikipiki anayeifuata hupitia hali kadhaa za hewa katika safari moja. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali Kabale inakaribia mita 2,000. Kwa wastani, joto hupungua nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Hivyo, hata pasipo mvua wala upepo, kuna tofauti ya nyuzi tano kati ya unakotoka na unakokwenda. Ongeza hapo jua la Lyantonde, mvua ya alasiri ya Mbarara na ukungu wa milima ya Kanaba, kisha ongeza upepo wa mwendo wenyewe, ambao haukomi mpaka usimamishe pikipiki. Abiria wa basi hufungua dirisha au hulifunga. Mwenye pikipiki ana jaketi lake tu.

Katika insha hii nitaeleza jinsi nilivyochagua jaketi la safari hiyo na sababu zilizoniongoza. Naandika kwa kuwa wenzangu wengi hupanda pikipiki kila siku, na wachache wetu huuliza kuhusu vazi la mwilini kama tunavyouliza bei ya mafuta.

Nilihitaji kwenda Kisoro mwezi wa Novemba kukusanya data ya tasnifu yangu kuhusu Kiswahili cha wafanyabiashara wa masoko yaliyo karibu na mpaka wa Kongo. Masoko hayo yametawanyika vilimani, na siku ya soko hapa si siku ya soko pale. Bila usafiri wangu mwenyewe ningetumia fedha zote za utafiti kulipa nauli. Nyumbani kulikuwa na pikipiki ya marehemu baba, Yamaha AG100, aliyokuwa akiiendesha alipokuwa bwana shamba na ambayo aliinunua alipostaafu. Kaka yangu alikuwa ameileta Kampala ifanyiwe matengenezo. Kazi ya kuirudisha nyumbani nikaiomba mimi.

Mama hakupinga safari, alipinga mavazi. Mdogo wake, yaani mjomba wangu, ni mwendesha bodaboda mjini Kisoro. Miaka minne iliyopita aliteleza kwenye kona akaburuzwa juu ya lami akiwa amevaa koti zito la mitumba. Hakuvunjika mfupa. Lakini ngozi ya bega na ya mkono wa kulia ilichunika, na kovu lililobaki limekaza kiasi kwamba hawezi kuinua jembe kupita kichwa. Mama humwona kila siku. Aliniambia kwa simu, "Mwanangu, njoo, lakini usije na sweta kama mtu anayekwenda kuteka maji. Mkono wa mjomba wako unanitosha." Nilikuwa na shilingi 400,000 nilizoweka akiba kwa kufundisha watoto jioni. Hizo ndizo zilizopaswa kulijibu neno la mama.

Waswahili husema tahadhari kabla ya hatari, lakini methali haisemi ni hatari ipi itangulizwe. Hapo ndipo ugumu wa jaketi ulipo. Jaketi la safari ndefu lina kazi nne: kuizuia ngozi isichunike mtu akiburuzwa barabarani, kupunguza nguvu ya pigo kwenye viungo, kuzuia maji, na kuuweka mwili katika joto la wastani. Kazi hizi hugombana. Kitambaa kinene kinachostahimili lami hutia joto. Kitambaa chenye matundu ya kupitisha hewa huruhusu pia mvua. Utando unaozuia mvua huzuia na jasho. Kinachofanya yote manne vizuri kipo, lakini bei yake ni mamia ya euro, na mimi nilikuwa na shilingi za Uganda.

Waendesha bodaboda wa Kampala wana jibu lao. Wengi huvaa koti kubwa la baridi kutoka Ulaya, tena hulivaa kinyume, sehemu ya mgongo ikiwa kifuani, ili upepo usipenye kwenye zipu. Ni ubunifu wa kweli, na kwa upepo wa alfajiri unafaa sana. Ila koti hilo limeshonwa kwa ajili ya mtu anayetembea kwenye theluji. Kitambaa chake cha nje ni nailoni nyembamba, na ndani yake mna pamba au manyoya. Likikutana na lami kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa hupasuka mara moja, na baada ya hapo kinachosugua barabara ni mwili. Koti la mjomba lilikuwa la aina hiyo.

Kwa hiyo nilianza kwa kujifunza kusoma lebo. Majaketi ya pikipiki yanayouzwa Ulaya siku hizi hupimwa kwa kiwango kiitwacho EN 17092, kilichotoka mwaka 2020. Kiwango hicho huyagawa mavazi katika madaraja. AAA ndilo la juu, nalo aghalabu ni la ngozi nzito. AA linafaa safari ndefu. A ni jepesi, la mjini na la sehemu za joto. Daraja B lina ustahimilivu wa A lakini halina kinga za viungo, na C ni vazi la kushikilia kinga tu. Vipimo huangalia kitambaa kinavyostahimili kusuguliwa na kuchanika, pamoja na nguvu ya mishono, kwa sababu kitambaa imara kilichoshonwa kwa uzi dhaifu hufumuka vilevile. Majaketi ya zamani hayana lebo hiyo. Kwa hayo hutazamwa kitambaa chenyewe na idadi ya mistari ya mshono mabegani na viwikoni. Wauzaji hupenda kutaja denia, kwa mfano 600. Denia ni uzito, kwa gramu, wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Ni kipimo cha unene wa uzi, wala si cha ubora wake: nailoni nzuri ya denia 500 huweza kuishinda polista ya 600.

Kinga za viungo zina kiwango chake, EN 1621-1. Maabara huangusha uzito wa kilo 5 juu ya kinga, kwa nishati ya jouli 50, kisha hupima nguvu inayopenya hadi upande wa pili. Kinga ya ngazi ya 1 inaruhusiwa kupitisha kilonyutoni 35 kwa wastani, na ya ngazi ya 2 isizidi 20. Juu yake huchapwa herufi: S ni ya bega, E ni ya kiwiko. Kinga ya mgongo hupimwa kwa masharti makali zaidi. Hapa mnunuzi awe macho, kwani majaketi mengi huuzwa yakiwa na kipande cha sponji mfukoni mwa mgongo ambacho si kinga yoyote. Kipo kuonyesha mahali pa kuweka kinga utakayoinunua mwenyewe.

Ngozi niliifikiria kidogo tu. Kwa kustahimili lami, ngozi ya ng'ombe haina mpinzani wa bei yake. Lakini ikilowa huwa nzito, hukauka polepole, na kwenye jua la adhuhuri kati ya Lukaya na Mbarara humfanya mvaaji awe kama ndizi ndani ya majani yake, inayochemka kwa mvuke. Msafiri aliyechoka kwa joto huchelewa kushika breki, na ajali huanza hapo. Kwa hiyo baridi na joto si mambo ya starehe tu. Ni sehemu ya usalama.

Suala la maji lilinichukua muda mrefu kuliko mengine. Kuna njia tatu za kuzuia mvua kwenye jaketi. Ya kwanza ni utando uliogandishwa moja kwa moja nyuma ya kitambaa cha nje. Maji hayaingii hata kwenye kitambaa, nalo jaketi hukauka haraka, lakini hii ndiyo njia ghali kuliko zote. Ya pili ni utando unaoning'inia ndani, kati ya kitambaa cha nje na bitana. Mwili hubaki mkavu, lakini kitambaa cha nje hunyonya maji, huwa kizito, na upepo unapoyakausha maji hayo hubeba na joto lako. Ya tatu ni kuvaa koti la mvua juu ya jaketi lisilozuia maji. Ni rahisi, ila lazima usimame ulivae, na mvua zetu hazitoi taarifa.

Utando wa kisasa wenye sifa kubwa ulitokana na ugunduzi wa Bob Gore wa Marekani mwaka 1969, alipogundua kwamba plastiki ya PTFE ikivutwa ghafla hutanuka na kujaa vitundu vidogo mno. Tone la maji haliwezi kupita humo, bali mvuke wa jasho hupita. Maelezo haya ni ya kweli, ila yana sharti ambalo mnunuzi wa Afrika Mashariki hana budi kulijua. Mvuke husukumwa nje na tofauti ya joto na unyevu kati ya ndani na nje. Katika baridi kavu ya Ulaya tofauti hiyo ni kubwa. Pembeni mwa bwawa la Lukaya saa tano asubuhi, hewa ya nje ina joto na unyevu kama ya ndani ya jaketi, na mvuke hauna sababu ya kutoka. Utando unaosifiwa kwa kupumua hapo huwa kama mfuko wa nailoni. Hoja hii ndiyo iliyobadilisha mawazo yangu. Nilikuwa nikitafuta jaketi lisiloingiza maji. Tangu siku hiyo nilitafuta jaketi linalopitisha hewa vizuri na lenye kinga imara, nikakusudia kulizuia maji kwa koti jingine.

Tundu la hewa nalo lina kanuni zake. Zipu za kifuani na mikononi huingiza hewa, lakini pasipokuwa na zipu za mgongoni za kuitoa, jaketi hujaa kama puto na ubaridi haufiki mwilini. Aidha, kitambaa cha wavu kisiwe mabegani wala viwikoni, kwani hapo ndipo mwili hutangulia kugusa barabara.

Nikiwa na elimu hiyo nilikwenda soko la Owino. Neno mtumba kwa asili ni mzigo uliofungwa wa kubebwa, na pale bado unaona maana hiyo: robota hukatwa kamba, nguo humwagika, na majaketi ya pikipiki huwa mawili matatu katikati ya makoti ya kawaida. Kwa mwanafunzi wa lugha, kuna darasa la bure hapo. Lebo moja ilikuwa ya Kijerumani, muuzaji akiieleza kwa Kiganda, mteja wa pembeni akipunguza bei kwa Kiswahili, na jaketi lenyewe limejaa maneno yetu ya kukopa: zipu na kola tulizozipata kwa Waingereza, bitana tuliyoipata kwa Waarabu karne nyingi kabla ya pikipiki.

Muuzaji wa kwanza alinionyesha jaketi zuri jeusi. "Nyabo, hili maji hayapiti kabisa," alisema. Nililigeuza ndani nje. Utepe unaoziba matundu ya sindano kwenye mishono ulikuwa umeanza kubanduka, na jambo hilo ni la kawaida kwa jaketi lililofuliwa mara nyingi. Nikaomba ruhusa ya kumimina maji kidogo katika mkunjo wa kiwiko, tukangoja huku akihudumia wengine. Baada ya dakika kumi bitana ililowa. Hakukasirika, alicheka na kuniambia kwamba wateja wake humimina maswali, hakuna anayemimina maji. Jaketi la pili lilikuwa na kinga, lakini sponji yake ilikuwa imezeeka hadi ikavunjika vipande nilipoikunja. La tatu lilikuwa imara kweli, ila lilikuwa la mwanamume mrefu.

Hili la kimo si jambo dogo. Kinga ya kiwiko husaidia tu ikikaa kwenye kiwiko wakati wa kuanguka. Kwenye jaketi pana huzunguka mpaka ndani ya mkono, na pigo hukuta kitambaa kitupu. Majaketi mengi ya mitumba ni ya wanaume: mabega mapana, kiuno kisicho na mshipi wa kukaza, mikono mirefu. Wauzaji wawili waliniuliza kama namnunulia kaka. Nilijibu kwamba nanunua langu, nikaomba kiti. Nikakaa kama niliyepanda pikipiki, mikono mbele, kwa sababu jaketi linalokaa vizuri mtu akiwa amesimama huweza kupanda juu ya kiuno na kuacha kifundo cha mkono wazi anaposhika usukani. Wanawake hawakuanza jana kusafiri hivi. Mwaka 1934 Waingereza wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki ya Panther yenye kigari cha pembeni, wakavuka Sahara, na kufika Cape Town mwaka 1935.

Jumamosi ya tatu nililipata. Lilikuwa jaketi la kike la polista, la kijivu, lenye lebo ya AA, kinga za ngazi ya 1 mabegani na viwikoni zikiwa bado laini, zipu mbili za hewa kifuani na mbili mgongoni, na bitana ya kuzuia upepo inayotolewa kwa zipu. Halikuwa na utando wa mvua. Muuzaji aliona hiyo ni kasoro, nami nikaitumia kupunguza bei hadi 260,000. Kinga ya mgongo niliinunua dukani kwa 90,000, na koti la mvua la rangi ya manjano, pana la kutosha kuvaliwa juu ya vyote, kwa 35,000. Nikabaki na shilingi 15,000. Rafiki yangu mmoja alisema kwa fedha hizo ningeenda Kisoro na kurudi kwa basi mara kadhaa. Ni kweli, lakini basi lisingenipeleka sokoni vilimani.

Niliondoka saa kumi na mbili asubuhi nikiwa na bitana ndani. Kayabwe, pale Ikweta, niliitoa na kufungua zipu zote nne. Kupitia Lukaya na Masaka jasho lilikuwapo, lakini lilikauka kadiri nilivyokwenda. Lyantonde palikuwa na vumbi na jua kali. Mvua ilinikuta kabla ya Mbarara. Nilikuwa nimekwisha kuona wingu, nikasimama kwenye kibanda cha wauza ndizi za kuchoma na kuvaa koti la manjano kwa wakati. Lilizuia maji isipokuwa shingoni, ambako matone machache yalipita. Nililala Mbarara. Siku ya pili, baada ya Ntungamo, barabara ilipoanza kupanda kuelekea Kabale, nilirudisha bitana, na Kanaba, ukungu ulipofunika bonde lote, nilivaa koti la mvua juu yake ingawa mvua haikunyesha. Maji huondoa joto mwilini zaidi ya mara ishirini kuliko hewa kavu. Ndiyo sababu jaketi kavu lenye unene wa kawaida lilinifaa kuliko jaketi zito lililolowa. Vidole vilikufa ganzi, na hilo ni somo la glavu, ambalo linahitaji insha yake.

Mama alipokea jaketi kabla ya kunipokea mimi. Alibonyeza viwiko kwa kidole gumba, akabonyeza mabega, akaingiza mkono mgongoni na kuigonga kinga kwa ngumi. Kisha akamwita mjomba aje aone. Mjomba hakusema mengi. Alilivaa upande mmoja, upande wa mkono wenye kovu, halikumtosha, akalivua. Akaniuliza zile kinga za ndani huuzwa peke yake au lazima ununue jaketi zima. Nilimwambia huuzwa peke yake, na kwamba hazizuii ngozi kuchunika kama kitambaa cha nje ni dhaifu.

Kwa mwenzangu anayetaka kununua, nashauri mpangilio huu: kwanza kitambaa na mishono, pili kinga na jinsi zinavyokaa mwilini mwako ukiwa juu ya pikipiki, tatu njia ya hewa kuingia na kutoka, na mvua iwe ya mwisho, kwa kuwa koti la mvua la bei nafuu linaweza kuongezwa baadaye, ila ustahimilivu wa kitambaa hauongezwi. Asiye na fedha za jaketi zima aanze na turubai nzito na kinga nne. Ndivyo alivyofanya mjomba. Nilipokuwa narudi Kampala alinipa vipimo vya mabega na viwiko vyake kwenye karatasi, nikamtumia kinga za ngazi ya 1 kwa basi, na fundi cherehani wa Kisoro alizishonea mifuko ndani ya koti jipya la turubai. Mama anasema hulivaa kila siku, na kwamba ameacha kulivaa kinyume.